Siku tatu katika kisiwa cha Gozo

Tulipopanda meli kutoka Malta kwenda Gozo hatukudaiwa nauli. Hulipwa wakati wa kurudi tu. Haikutimia nusu saa, tukashuka bandarini Mġarr.

Kisiwa ni kidogo: urefu wake ni kilomita 14, upana 7. Tulitembea kwa miguu pasipo haraka, tukala jibini ya maziwa ya kondoo, tukatazama vidimbwi vilivyochongwa mwambani huko Xwejni, ambamo jua hukausha maji ya bahari na kuacha chumvi. Watu husema Kimalta, nacho ni ndugu wa Kiarabu. Kwa hiyo masikio yetu yalinasa maneno. Bahari kwao ni baħar, kitabu ni ktieb, sita ni sitta. Tulicheka kama watoto.

Siku ya tatu tulipanda kwenye ngome iliyo juu ya mji wa Victoria. Hapo kicheko kilikwisha. Mwezi wa Julai 1551 Waturuki waliizingira, wakaiteka, na watu wapata 5,000, karibu wote wa kisiwa, wakachukuliwa utumwani. Sisi tuliosimuliwa na babu zetu habari za misafara ya watumwa katika Maniema hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia. Baadaye, hata mwaka 1637, sheria iliwalazimisha wenyeji kulala ndani ya ngome kila usiku.

Tulikaa ukutani hata jioni. Kengele za vijiji zililia huko bondeni, na lango la ngome lilikuwa wazi. Kesho yake tukalipa nauli.