Nilijifunza Kuketi Kisiwani Nevis

Je, unaweza kukaa kutwa nzima bila kushika ufagio, mwiko wala simu? Mimi sikuweza. Jambo hilo nililigundua nikiwa na umri wa miaka 51, mbali sana na nyumbani, katika kisiwa kidogo cha Nevis kwenye Bahari ya Karibi.

Mwaka 2023 mimi na mume wangu tulitimiza miaka 25 ya ndoa. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Leeds, Uingereza, alitutumia tiketi kama zawadi. Mumewe alizaliwa Leeds, lakini wazazi wake walitoka Nevis. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wengi wa Nevis na wa kisiwa jirani cha Saint Kitts walihamia mji huo kutafuta kazi. Wazee hao walidunduliza miaka mingi, wakajenga nyumba kwao, na mwaka ule nyumba ilikuwa tupu.

"Wifi," aliniambia kwa simu, "nendeni mkapumzike siku kumi. Huko hamna kikao cha harusi, hamna msiba, wala mgeni wa kubisha hodi."

Nilimshukuru, lakini moyoni niliogopa. Sikuogopa ndege. Niliogopa siku kumi za kuwa peke yangu na mume wangu.

Niseme ukweli. Miaka miwili kabla ya safari hiyo, mume wangu alistaafu. Mafao yake aliyaingiza katika biashara ya mabasi madogo pamoja na mtu aliyemwamini, bila kuniambia. Biashara ikafa na fedha zikapotea. Habari hizo nilizipata kwa jirani. Sikupiga kelele. Nilinyamaza, nikaongeza kazi: vitumbua alfajiri, cherehani mchana, kwaya na vikao jioni. Tulilala kitanda kimoja, lakini mazungumzo yetu yalikuwa ya ada na umeme tu. "Mama watoto, chakula tayari?" "Tayari, Baba." Watu walitusifu kwamba hatugombani.

Kutoka Saint Kitts tulipanda boti kwa muda wa dakika 45 hivi hadi Charlestown, mji mkuu wa Nevis. Kisiwa chote kina kilomita za mraba 93; kingeweza kuingia ndani ya Unguja zaidi ya mara 15. Wakazi wake ni zaidi ya 10,000 tu. Katikati umesimama mlima wenye urefu wa mita 985, na kilele chake hufunikwa na wingu jeupe karibu kila siku. Inasemekana Wahispania walipoliona wingu hilo walikumbuka theluji, na hiyo ndiyo asili ya jina Nevis. Mume wangu, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliutazama mlima ule akacheka. "Theluji gani hii? Waje kwetu niwaonyeshe!" Nilishtuka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu.

Utulivu wa mahali pale ulinishangaza. Sikuona ghorofa lililoushinda mnazi kwa urefu. Tulipoingia kwenye basi dogo, kila abiria alitusalimu, na ukiingia bila kusalimia wanakuona huna adabu, kama kwetu tu. Tumbili walishuka mlimani kuiba maembe uani. Mababu wa tumbili hao waliletwa kwa meli kutoka Afrika Magharibi karne nyingi zilizopita, na tabia yao ni ile ile ya tumbili waliomsumbua mama yangu shambani Muheza.

Sokoni nilijiona niko nyumbani. Nilikuta bamia, mbaazi, majimbi, ukwaju, stafeli na, zaidi ya yote, shelisheli! Nilimshika mume wangu mkono nikamwonyesha. Baadaye nilijifunza kwamba tunda hilo lina historia ya uchungu. Mwaka 1793 nahodha William Bligh alileta miche yake kutoka Tahiti mpaka visiwa vya Saint Vincent na Jamaika, ili wenye mashamba ya miwa wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa wao. Leo watu wa visiwa hivyo wanalichoma shelisheli juu ya moto na kulila kwa furaha, kama tunavyofanya sisi Tanga.

Lakini usiku sikupata usingizi. Saa za Nevis ziko nyuma ya zetu kwa saa saba. Ilipofika saa kumi alfajiri kule, nilijua nyumbani ni saa tano asubuhi, na mwili wangu ukadai kazi. Siku ya kwanza nilifagia uwanja. Siku ya pili nikafua mapazia yaliyokuwa safi. Siku ya tatu nilikuwa nafagia tena kukiwa bado na giza, ndipo bibi jirani, aliyekuwa akitutunzia ufunguo, alipokuja na kuegemea ua.

"Mwanangu," aliuliza, "nani anakuja kukukagua?"

Nilicheka kwa aibu. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba bibi wa bibi yake alizaliwa mtumwa katika shamba la miwa kisiwani hapo. Msimamizi akikuta mtumwa ameketi mchana, kosa. Sheria ya Waingereza ilifuta utumwa mwaka 1834, lakini watu wa shambani walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale hadi tarehe 1 Agosti 1838. "Kwa hiyo mimi," alisema bibi yule, "kila jioni naketi barazani. Naketi kwa ajili yangu na kwa ajili yake. Weka ufagio chini."

Niliuweka. Tuliketi wawili kwenye ngazi mpaka jua likachomoza. Sijui kama umewahi kuketi bila kungoja chochote. Dakika za kwanza ni ngumu, mikono inatafuta kitu cha kushika. Halafu mawazo uliyoyazika chini ya kazi huanza kufufuka, moja baada ya jingine. Nililia. Bibi yule hakuniuliza kitu. Aliniletea kikombe cha chai ya tangawizi, akaenda zake.

Jumapili maduka mengi yalifungwa. Kina mama walienda kanisani wamevaa kofia nzuri, na baada ya ibada kisiwa kizima kilinyamaza. Jioni mimi na mume wangu tulitembea hadi Bath, nje kidogo ya Charlestown, penye chemchemi za maji moto. Mlima wa Nevis ni volkano iliyolala, na joto lake ndilo linaloyachemsha maji hayo, mfano wa yale ya Amboni karibu na Tanga. Juu yake kuna jengo kubwa la mawe, hoteli ya karne ya 18 iliyojengwa kwa ajili ya matajiri wa miwa. Siku hizi wazee wa kisiwa huenda hapo kuchovya miguu yenye maumivu, nao hawatozwi chochote.

Tukakaa juu ya jiwe na miguu majini. Hapakuwa na redio, wala mtoto wa kuitwa, wala chungu cha kuangalia jikoni. Mume wangu alitazama maji muda mrefu. Kisha aliniita kwa jina langu, lile aliloniita tukiwa wachumba. Nilikuwa nimekaribia kulisahau.

"Sikukuambia habari za zile fedha kwa sababu nilitaka kukuletea faida mkononi," alisema. "Zilipopotea, niliona aibu. Kila siku nilisema nitamwambia kesho."

Nilijibu, "Fedha zingeniuma wiki moja. Kilichoniuma miaka miwili ni kuambiwa na jirani."

Akasema, "Nisamehe."

Hapo nami nililiona kosa langu. Nilikuwa nimemwadhibu kwa kazi. Kila alfajiri nilipoamka kukaanga vitumbua kabla hajafumbua macho, nilikuwa nasema bila maneno: tazama, mimi ndiye ninayeibeba nyumba hii. Nilimwambia hilo, na nikamwomba msamaha pia. Tulirudi nyumbani gizani, tumeshikana mikono kama vijana. Siku zilizobaki niliamka saa mbili asubuhi.

Fedha zile hazijarudi, na sitarajii zirudi. Nisikudanganye kwamba ziwa la maji moto linaponya ndoa. Nilichojifunza ni kwamba uzuri wa kisiwa kimya hauko kwenye mchanga na minazi pekee, maana mchanga na minazi hata sisi tunavyo. Uzuri wake ni kwamba unakunyang'anya mahali pa kujificha. Nyumbani nilijificha nyuma ya kazi, na mume wangu alijificha nyuma ya gazeti. Nevis hatukuwa na pa kujificha, tukaonana.

Kama wewe na mwenzako mtapata nafasi ya kufika visiwa vile, kumbukeni mambo machache. Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni hadi Novemba. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Aprili bei za nyumba za wageni hupanda. Vitu vingi vya dukani huletwa kwa meli, hivyo ni ghali. Afadhali mnunue sokoni na kupika wenyewe. Na hapo nakusihi, mpike wote wawili.

Lakini najua si kila mmoja wetu ana wifi Leeds. Basi tuliporudi Dar es Salaam tuliamua kwamba kila Jumamosi, saa kumi na moja jioni, tunaketi barazani saa nzima. Simu zinabaki ndani. Watoto wamezoea, na majirani pia. Mwanzoni waliuliza kama kuna mgonjwa.

Juzi, dakika chache kabla ya saa hiyo, niliona majani makavu chini ya mwembe nikainuka kuchukua ufagio. Mume wangu alinitazama akauliza taratibu, "Nani anakuja kukukagua?"

Nikaketi.