Mgeni Mwenye Bunduki

Watu wengi wa kijiji chetu wajua ya kuwa tulikuwa askari kabla ya kushika chaki, na mara kwa mara hutuuliza, "Je, Mwalimu, huko Kongo mlipigana na nani?" Swali ni fupi, nasi hulijibu kwa ufupi, kwa kuwa muulizaji yu njiani kwenda shambani na jembe li begani. Lakini jibu la kweli si fupi. Kwa hiyo tumeona vema kuliandika hapa, si kwa kujisifu, maana wenye kusimulia vita kwa majivuno mara nyingi ni wale waliokaa jikoni, bali ili msomaji apate kujua kazi ya askari katika nchi isiyo yake ni kazi ya namna gani.

Yafaa kwanza kuikumbuka njia. Sisi watu wa Tabora tumezaliwa juu ya njia. Kabla ya gari la moshi kufika hapa mwaka 1912, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaja mpaka Unyanyembe mwendo wa miezi mitatu hivi. Kisha ikashika njia ya Ujiji, ikavuka ziwa, ikaingia Manyema. Babu zetu Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi, kila mtu na frasila zake mbili begani, na kirangozi mbele. Pembe zilikuja upande huu, nguo na shanga na bunduki zikaenda upande ule, na watu waliofungwa minyororo wakapita katika njia hiyo hiyo. Nalo halifai kufichwa. Wengine katika watu wa huku walikwenda wasirudi. Msiri, mtu wa Usumbwa, alifuata shaba ya Katanga, akakaa huko, akawa mfalme wa Bunkeya mpaka alipouawa na watu wa Mfalme Leopold mwaka 1891.

Tena njia hupitwa pande zote mbili. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo, waliotumwa na Wabelgiji, waliingia Tabora, nao Wajerumani walikuwa wamekwisha kuuacha mji. Wazee waliotulea walisimuliwa na wazee wao jinsi watu walivyofukia mtama ardhini na kuwapeleka mbuzi porini. Tulipokuwa wadogo tuliuliza, "Mtama ule walimficha nani, Mjerumani au Mbelgiji?" Tukajibiwa, "Walimficha mwenye bunduki." Neno hilo tulilicheka. Hata miaka 97 ilipopita tukalikumbuka, kwa kuwa sasa wenye bunduki tulikuwa sisi, na wenye mtama walikuwa Wakongo.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Novemba 2012 waasi walioitwa M23 waliuteka mji wa Goma, wakatoka baada ya siku chache. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2098, la kuunda brigedi ya askari wapatao 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Brigedi hiyo ilipewa ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha, wala si kuwalinda raia tu kama walivyozoea askari wa kofia za buluu. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Nasi tukawa katika hesabu hiyo.

Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe meusi. Mlima Nyiragongo ulitapika moto Januari 2002, moto ukateremka mpaka katikati ya mji, ukafunika nyumba na maduka; watu wakakimbia, kisha wakarudi wakajenga juu ya moto uliopoa. Kiatu cha askari hakidumu huko. Barabarani huonekana vijana na chukudu zao, gari la mti lenye magurudumu mawili, ambalo huweza kubeba kilo mia kadhaa za viazi au makaa kutoka milimani. Tulipowaona mara ya kwanza tulisema, Hawa ndio wapagazi wa leo, tofauti ni kwamba mzigo umeshuka begani.

Tulijiandaa kukuta wageni, tukakuta lugha yetu. Kiswahili kilivuka ziwa pamoja na misafara, kikakaa Manyema, na baadaye kikapanda hata Kivu kwa kazi za serikali, za migodi na za misheni. Wao husema batu, sisi watu. Wao aksanti, sisi ahsante. Ugali kwao ni bugali, na kisamvu ni sombe. Hata dagaa wao, waitwao sambaza, walichukuliwa katika Ziwa Tanganyika wakatiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, hivyo tuliwala kama jamaa waliohamia mbali. Askari wa mataifa mengine walihitaji mkalimani hata kwa kununua ndizi. Sisi tuliketi na wenyeji, tukazungumza habari za mvua na za watoto, na watoto wenyewe wakatucheka kwa Kiswahili chetu cha kitabuni. Ilikuwa furaha, lakini ndani ya furaha hiyo mlikuwa na deni. Maana mtu hampi siri asiyemwelewa, nasi tulielewa.

Habari za mapigano zimekwisha kuandikwa na wengine, wala hatutakawia hapo. Mwishoni mwa Agosti 2013 tulipigana katika vilima vya Kibati, kaskazini ya mji, na tarehe 28 meja mmoja wa jeshi letu akauawa kwa kombora. Tangu tarehe 25 Oktoba jeshi la Kongo lilisonga mbele, nasi tukalisaidia, na tarehe 5 Novemba M23 wakatangaza kuacha vita. Watu hawa walivaa sare, walishika milima, walikuwa na mizinga; ukiwapiga wakarudi nyuma, waona kwa macho kwamba wamerudi nyuma. Vita vya namna hiyo askari avielewa. Watu wa Goma walishangilia barabarani, nasi tukapiga simu nyumbani, kila mtu akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Lakini M23 walikuwa kundi moja tu katika makundi mengi. Makundi mengine hayakuwa na kilima chao. Mtu aliyelima viazi asubuhi aliweza kushika bunduki jioni, na ndugu yake aliyelima jirani naye asishike, wala nyuso zao hazikutofautiana. Hapo ndipo vita vilipogeuka kuwa vita vya maneno. Huna budi kuuliza, Wamepita nani jana? Wamelala wapi? Nani aliwapikia? Na mtu wa kujibu ni mwanakijiji, wala hapana mwingine.

Palikuwa na mtu mmoja katika kijiji tulichopiga kambi kwa muda. Alikuwa mkulima wa viazi, mpole, mwenye watoto wanne. Mtu huyu alituonyesha njia mbili za msituni ambazo hazikuwamo katika ramani zetu, na kwa ajili ya njia hizo doria zetu zilikwenda zikarudi salama, nasi twasadiki ya kuwa wako Watanzania walio hai leo kwa neno lake. Hakuomba fedha. Alituuliza jambo moja tu, nalo ndilo alilotuuliza pia mama mmoja aliyetuuzia sambaza, na wengine wengi: "Mutabaki?" Yaani, je, mtakaa? Askari hana jibu la swali hili. Hukaa akiamriwa, huondoka akiamriwa. Tulimjibu kwa kweli, tukasema, "Hatujui." Akatikisa kichwa kama mtu aliyelijua jibu kabla ya kuuliza.

Baada ya muda amri ya kuhama ikaja. Asubuhi ile tulipokuwa tukikunja mahema, mkulima yule alisimama mbali akitazama. Kisha akaenda nyumbani kwake. Kabla hatujamaliza kupakia magari tukamwona akitoka na chukudu. Juu yake godoro, sufuria, na mtoto mdogo ameketi juu ya godoro, na mkewe nyuma na wale watatu. Viazi vyake vilikuwa bado ardhini, vimebakiza wiki tatu hivi kukomaa. Hakutulaumu, wala hakutuaga kwa machozi. Alitupungia mkono, akashika njia ya Goma mbele yetu, kwa kuwa hakutaka kuondoka nyuma yetu. Magari yetu yalimpita penye mteremko. Msomaji atafakari mwenyewe maana ya wiki tatu kwa mtu anayelima.

Tumesikia askari wengine wakisema ya kwamba watu wa vijiji vile ni waongo, leo wako na huyu, kesho na yule. Sisi hatukubali. Mwanakijiji hupiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kuliko ya mkuu wa jeshi, maana mkuu wa jeshi akikosea huandika taarifa, lakini yeye akikosea huzika. Tena twaona, na katika jambo hili wenzetu wa zamani huenda wakatukatalia, kwamba jeshi lisiloweza kumwambia mtu litakaa muda gani halina haki ya kumwomba jina la jirani yake. Liulize njia, liulize visima, linunue chakula kwa fedha mkononi. Lakini majina liyaache. Katika doria yetu tulishika desturi hiyo kwa kadiri tulivyoweza, na kamwe hatukumwuliza mtu neno mbele ya wenziwe.

Jambo hili si geni kwa Tabora. Katika miaka ya 1960 kambi ya askari ya hapa iliitwa Kalewa, nalo ni jina la mahali katika Burma, ambapo askari wa Afrika Mashariki walivuka mto Chindwin Desemba 1944. Watoto wa Unyamwezi wamekuwa wakipelekwa vitani mbali kwa muda mrefu kiasi cha kutosha kulitia jina la mahali pa watu katika mji wao. Jirani yetu mmoja, sasa marehemu, alikuwa katika batalioni ya Tanganyika ya King's African Rifles, iliyopelekwa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau vilivyoanza mwaka 1952. Mzee huyu alikuwa mwingi wa hadithi za Nairobi, za baridi, za chai. Bali habari za msituni hakuzisema. Tulipotoka Kongo tukaenda kumwamkia. Alituuliza, "Huko mlisikia wanavyosema?" Tukamjibu, "Ndiyo, Mzee, ni Kiswahili." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sisi Kikuyu hatukukisikia. Mwanamke alikuwa akisema mbele yangu, nami naona midomo tu. Nilidhani hilo ndilo lililokuwa baya." Hakuongeza neno, nasi hatukumwuliza. Mpaka leo hatujajua kama alituonea wivu au alituhurumia.

Brigedi ilibaki Kongo, na zamu za askari wetu zikafuatana. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, upande wa Beni, ilishambuliwa na waasi, wakauawa Watanzania wasiopungua 14. Sisi tulikuwa tumekwisha kurudi. Tulizisoma habari hizo katika simu, tumesimama kituo cha gari la moshi cha Tabora, watu wakishuka na magunia yao kana kwamba hakuna lililotokea. Na kwao kweli halikutokea.

M23 wakainuka tena mwishoni mwa mwaka 2021. Mwezi wa Januari 2025 wakauteka mji wa Goma mara ya pili, na katika mapigano ya siku zile waliuawa askari wa Afrika Kusini, wa Malawi na wa Tanzania. Vilima vya Kibati, tulivyovipanda kwa siku nyingi, vilipitwa kwa muda mfupi. Wanafunzi wetu walituuliza kama kazi yetu ilikuwa ya bure. Tuliwaonyesha mji huo katika ramani, tukawaeleza kwamba tangu Novemba 2013 kuna watoto waliozaliwa Goma, wakaenda shule, wakafika darasa la tano pasipo M23 kuutawala mji wao. Hilo si dogo. Lakini jibu hilo ni la kuwatosha watoto wa shule. Sisi wenyewe, usiku ule, hatukuwafikiri M23. Tulimfikiri mtu wa viazi na mama wa sambaza, na wote waliotuambia neno kwa Kiswahili.

Namba ya mkulima hatukuwa nayo. Ya mama yule tulikuwa nayo, kwa sababu alituuzia kwa mkopo mara mbili tatu, akitaka kuwa na hakika ya fedha yake. Tulipiga siku nyingi, simu haikuita. Wiki ya nne ikaita, akaitika mwenyewe, akatujua kwa sauti kabla hatujajitaja. Alisema wazima wote, soko limefunguliwa, sambaza ni ghali. Tukamwuliza kama yu peke yake pale alipo. Akacheka kidogo, akasema, "Sokoni nani iko peke yake?" Basi tukamwuliza bei ya sambaza kwa kilo, akatutajia, naye akatuuliza bei ya dagaa wa Kigoma wanapofika Tabora, tukamtajia, akasema, hata ninyi mwaumia. Tukaendelea na habari za samaki mpaka salio letu likaisha.