Ukoka wa Kisimani

Mwaka mmoja nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani kuyatazama magofu. Watu huenda kuustaajabia Msikiti Mkuu, na jumba la Husuni Kubwa lililo juu ya genge la bahari, nami nilikwenda kwa ajili hiyo hiyo. Lakini mzee aliyetuongoza alituonyesha ardhi. Alisema ya kuwa maji ya mvua huchukua udongo ulio kati ya majengo, ingawa mimea iliyoota juu ya genge ilipunguza kasi ya madhara hayo. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya mahali pale paandikwe mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2014 pakaondolewa katika orodha hiyo, baada ya kazi nyingi ya kutengeneza. Wenzangu waliyasikia maneno hayo kama habari mpya. Mimi niliona haya, maana nilikikumbuka kisima cha bibi yangu.

Bibi alikaa karibu na Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, katika nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti. Nyuma ya nyumba, mahali penye mteremko, palikuwa na kisima kifupi, na hatua chache kutoka hapo kiambaza cha jiko. Maji yaliyomwagika ndooni yaliifanya ardhi ile kuwa mbichi mwaka mzima, na juu yake ulitambaa ukoka, mnene kama mkeka. Haukuwa ule mwembamba upendao jua, uwasumbuao wakulima mashambani. Huu ulikuwa na majani mapana kidogo yenye ncha butu, na mashina bapa. Huota katika mchanga wa pwani hata kivulini mwa minazi. Wataalamu huuita Stenotaphrum dimidiatum, jina refu kuliko mmea wenyewe.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuwa nimeshika fundisho moja tu la usafi, ya kwamba uwanja mzuri ni ule usio na jani wala maficho ya nyoka. Basi siku moja Bibi alipokwenda mazikoni, nilitwaa jembe, nikaung'oa ukoka wote, nikafagia mpaka udongo ukabaki mtupu. Nikamngojea kwa kutumaini sifa. Bibi aliporudi alisimama kitambo, akauliza tu, “Mjukuu wangu, mvua ikija, nani ataushika udongo huu?” Sikujibu. Moyoni nilidhani uzee unamsumbua.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku mmoja wa Desemba. Maji yaliteremka kwa nguvu, yakaingia kisimani pamoja na udongo na mavi ya kuku, yakachimba chini ya kiambaza. Kulipopambazuka, upande mmoja wa jiko ulikuwa umelala chini, na mafiga yamezama katika tope. Majuma matatu tuliteka maji kwa jirani, nami nilikikumba kisima kile mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Bibi hakunipiga. Alinituma kwa jirani yule yule kuomba ukoka shambani mwake, akanifundisha kuupanda. Huu haupandwi kwa mbegu, bali kwa mashina, kwa kuwa kila kifundo kinachogusa udongo mbichi hutoa mizizi. Tulikata vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, tukavifunga katika gunia lililoloweshwa, tukavipanda siku ile ile. Kwanza tulifukia mashimo, yasituame maji ya kuzalia mbu, tukachimba mfereji mdogo wa kupeleka maji ya ndoo migombani. Kisha tulilaza mashina kwa kukingama na mteremko, kila moja mbali na mwenziwe kadiri ya shubiri, vifundo viwili chini ya udongo na ncha nje, tukakanyaga taratibu. Mimi, kwa haraka yangu, nililaza safu ya mwisho kwa kufuata mteremko. Mvua ya siku ya tatu iliisomba yote, nikaipanda tena.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ndogo: kung'oa magugu, kufukuza mbuzi, na kuweka mawe ya kupitia ili watu wasiyakanyage machipukizi. Ukoka ukikaribia mdomo wa kisima tuliukata kwa panga. Mimi sipingi kufagia uwanja. Mbele ya mlango ufagio na upite kila asubuhi. Lakini mahali penye maji na mteremko sishiki tena jembe kwa pupa.

Mwaka uliofuata mvua ilikuja tena usiku, nami sikupata usingizi. Alfajiri nilitoka, nikamkuta Bibi amenitangulia kisimani, miguu yake juu ya majani yenye maji. Alivuta ndoo, akaitazama, akachota kwa kata, akanywa. Kisha akanipa ile kata, nami nikanywa.