Wito haungoji matokeo ya Kidato cha Nne

Buhembe nilikokulia, ukisikia kijana fulani "ana wito", huulizi wito wa nini. Ni upadre au utawa. Kuanzia siku hiyo kijana hutazamwa kwa macho mengine: paroko anamfuatilia, mama yake anapewa pole na hongera kwa pamoja, na majirani wanaanza kupima mwenendo wake. Kata yetu imo ndani ya Manispaa ya Bukoba, na ukanda huu wote hadi Muleba umelea miito ya namna hiyo tangu Wamisionari wa Afrika walipofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Sasa naishi Bielefeld, Ujerumani, nahudumia wazee. Kadiri ninavyokaa huku ndivyo ninavyoamini kwamba nyumbani tunayo njia bora sana ya kumsaidia kijana kuutambua wito wake, ila tumeiacha seminarini.

Mtazame Laurean Rugambwa. Alizaliwa Bukongo, upande wa Kamachumu, mwaka 1912. Alibatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, akapita seminari ya Rubya, kisha Katigondo kule Uganda, akapewa upadre Desemba 1943. Mwaka 1952 akawa askofu, na Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufikia cheo hicho. Tukimsimulia huwa tunakimbilia kofia nyekundu. Mimi navutwa zaidi na ile miaka 22 kati ya ubatizo na upadre, ambayo hakuna aliyejua kama angefika.

Maana seminari haimwamini mtoto kwa kuwa tu amesema "nataka". Inamkalisha na kumtazama. Inaangalia anavyosali na anavyosoma, lakini pia anavyoshika jembe, anavyoishi na mwenzake wa kitanda cha jirani, anavyopokea maonyo. Kuna gombera, kuna walezi, kuna mlezi wa kiroho ambaye kazi yake ni kumsikiliza. Likizo ikifika anarudi nyumbani, na huko nako anatazamwa. Akiwa frateri anatumwa mwaka wa kichungaji parokiani, aonje kazi yenyewe kabla ya kujifunga nayo. Na kila hatua mlango wa kutoka uko wazi. Wengi wanaoingia Rubya hawafiki altareni. Wanakuwa walimu, wanasheria, madaktari, na ukikutana nao ukubwani unaona bado wanayo ile tabia ya kujiuliza wanafanya nini na kwa nini.

Je, mtoto wa Buhembe asiyekwenda seminari wala utawani, nani anamtazama hivyo? Anatazamwa na cheti. Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka Januari, alama ndizo zinazosema: huyu mchepuo wa PCB, huyu wa HGL, huyu chuo cha kati, huyu abaki nyumbani. Familia hukaa kikao kuhusu ada, na mara chache sana kikao hicho humwuliza mtoto anapenda kushika nini mkononi. Sisi tulio nje tunaongeza uzito wetu. Anayetuma fedha hutuma na maagizo: asome udaktari, asome uhasibu. Wahaya tunapenda shule, na ninajivunia hilo kwa moyo wote, lakini mapenzi hayo yamewasukuma watoto wengi darasani wakasomee kazi ambazo hawajawahi kuziona zikifanywa.

Haikuwa hivyo siku zote. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuru la kuyeyushia chuma, kazi waliyokuwa wameiacha kwa miongo mingi. Wakalijenga, wakavukuta, chuma kikatoka, na mwaka 1978 habari hiyo ikachapishwa katika jarida la Science. Ujuzi ule haukuwa kwenye daftari. Walikuwa wameupata ujanani, wamesimama kando ya waliowatangulia, wakishika na kukosolewa.

Ujerumani wameendelea kufanya jambo linalofanana na hilo, tena kwa kila mtoto. Akifika darasa la nane, la tisa au la kumi, shule humtoa kwa wiki mbili au tatu aende mahali pa kazi: karakana, duka la dawa, bustani, ofisi, nyumba ya wazee. Wanakuja na hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nimemwona binti wa miaka kumi na mitano, aliyekaa kimya siku nzima ya kwanza, akigundua kwamba mzee asiyekubali kula kwa mtu yeyote anakula akilishwa na yeye. Hakuna mtihani ambao ungeweza kumwambia hilo. Baadaye, anayechagua ufundi huingia ausbildung, mafunzo ya miaka miwili hadi mitatu na nusu, siku nyingi za wiki akiwa kazini na siku moja au mbili darasani, huku akilipwa. Mwanzoni kuna kipindi cha majaribio kisichopungua mwezi mmoja wala kuzidi minne, ambacho yeye au mwajiri anaweza kusema basi. Zaidi ya robo ya mikataba hiyo huvunjwa kabla ya kumalizika. Nyumbani tungeiita hiyo aibu. Huku kijana hubadilisha fani, akaanza upya.

Sisemi huku kila kitu ni sawa. Baada ya darasa la nne, katika majimbo mengi, watoto wa miaka kumi hivi hugawanywa katika aina tofauti za shule, na wazazi wa Kiafrika ninaowafahamu wanalalamika kwamba watoto wao hushauriwa haraka mno kushika njia ya chini. Kuna pia upweke. Kijana huambiwa ajitafute mwenyewe, ndani yake, kana kwamba mtu anaweza kujiona kisogo. Mimi wito wangu ulionwa kwanza na jirani yetu Buhembe, Ma (mama) mmoja aliyekuwa mgonjwa nikimpelekea maji ya kunywa. Aliniambia, "Mwanawange, wewe wagonjwa wanakuzoea." Nilikuja kuyaelewa maneno yake katika mwaka wangu wa kujitolea hapa, niliposhika kazi yenyewe. Yeye aliniona, kazi ikanithibitisha, na sidhani kimoja kingetosha bila kingine.

Bielefeld hii hii, mtaa wa Bethel, ndiko Josiah Kibira, mtoto mwingine wa Bukoba, alikosomea theolojia. Alikuwa ameanza maisha ya kazi kama mwalimu. Mwaka 1964 akawa askofu, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Ualimu haukupotea. Ulikuwa sehemu ya safari.

Nyumbani mambo yameanza kusogea. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali (mafunzo ya kazi) katika sekondari, na Burugo kuna chuo cha ufundi cha VETA cha mkoa wetu. Nafurahi, ila nina hofu moja kubwa: kwamba amali itageuzwa kuwa mahali pa kuwapeleka walioshindwa, wakati ilipaswa kuwa mahali pa kuwajaribu wote, hata yule wa daraja la kwanza.

Hatuhitaji kungoja serikali kwa kila jambo. Mtihani wa Kidato cha Nne huisha Novemba, Kidato cha Tano huanza Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka, na watoto wetu huimaliza kwenye tyusheni au kwenye simu. Ndugu zangu mlio nje, fedha mnayotuma kwa tyusheni, gawanyeni. Mlipieni mtoto nauli na chakula cha mchana akakae mwezi mmoja kwa fundi seremala, mwezi mmoja zahanati kama wanampokea, mwezi mmoja kwa bwana shamba. Mtafutieni mtu mzima mmoja, asiye mzazi wake, wa kumwuliza kila Jumapili ameona nini.

Binti wa kaka yangu atakuwa wa kwanza kwetu. Anataka uhandisi, au anasema anataka. Nimempigia simu fundi wa kuchomelea vyuma pale mjini, Ta (mzee) mmoja aliyemfahamu baba, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama binti anaweza kufika saa moja asubuhi na kama ataogopa cheche. Nikamwambia cheche sijui. "Basi mlete," akasema, "hilo tutalijua hapa hapa."