Chumvi ya Uvinza Ilivyonifunza Kuosha Mgongo wa Rimu

Mimi ni dereva na mwenye lori, mkazi wa Singida mjini. Mzigo wangu mkubwa ni chumvi. Naipakia Uvinza, mkoani Kigoma, ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, kisha naileta nyumbani kupitia Tabora. Natoa ushuhuda huu kwa sababu naona wenzangu wakinunua rimu za alumini kwa fedha nyingi, na hakuna anayewaeleza zinavyokufa.

Lori langu lilikuja na rimu za chuma. Nilipojaliwa nikaweka za alumini. Ni nyepesi, na kila kilo inayopungua kwenye gari ni kilo ya mzigo ninapopanda mizani ya magari pale Njuki, Singida. Nilizipenda pia kwa kung'aa. Nikirudi safari, vijana walikuwa wakizisugua uso mpaka unajiona, kama wanavyofanyiwa madereva wote hapa mjini.

Mvua zilipoanza mwaka mmoja, tairi la nyuma, lile la ndani, likawa linapungua upepo kila asubuhi. Msumari haukuonekana, na vali ilikuwa nzima. Fundi wa matairi alipolivua, tukakuta unga mweupe na vishimo vidogo pale ukingo wa tairi unapokalia rimu. Upepo ulikuwa ukitorokea hapo. Mzee yule akapitisha kidole, akaniambia, "Mwanangu, huku ndiko kwa kuosha. Chumvi unayobeba inakula huku, wewe unaosha kule."

Akanifafanulia. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba sana unaojitengeneza wenyewe juu yake. Chumvi ikipata maji huutoboa utando huo na kuchimba vishimo. Pale rimu inapogusana na habu ya chuma, maji ya chumvi yakiingia katikati, alumini na chuma hufanya kazi kama betri, na kinacholiwa ni alumini. Ule unga mweupe ndio kutu yake.

Lililonigeuza zaidi ni kuelewa wakati chumvi inapofanya kazi. Chumvi iliyo kavu kabisa haidhuru kitu. Singida kwetu ni kukavu, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Chenga zinazovuja kwenye magunia hukaa nyuma ya rimu kiangazi chote zimetulia. Unyevu wa hewa ukifikia asilimia 75 hivi, chumvi huanza kujivutia maji yenyewe mpaka inayeyuka. Kwa hiyo rimu inaweza kuvuka kiangazi salama, halafu ikaanza kuliwa mvua za kwanza zinapodondoka, au gari linaposhuka Dar es Salaam kwenye hewa ya bahari. Na manyunyu ni mabaya kuliko mvua kubwa, maana yanaiamsha chumvi bila kuiondoa.

Huko Marekani na Kanada, ambako chumvi humwagwa barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, wenye malori wengi wanapambana na adui huyuhuyu. Sisi tunambeba wenyewe kwenye bodi.

Siku hizi nikishusha chumvi, gari haliendi kulala kabla ya kuoshwa. Naanza nyuma ya rimu, katikati ya matairi pacha na kuzunguka nati, kwa maji mengi ya bomba na sabuni ya kawaida. Maji ya Singidani au Kindai siyataki, hata kama yako karibu, kwa kuwa maziwa hayo yenyewe yana chumvi. Magadi na dawa kali za kung'arisha haziligusi gari langu, kwani zinaila alumini. Steli waya pia nimeipiga marufuku. Inakwaruza na kuacha vipande vya chuma vinavyoshika kutu. Rimu ikikauka na kupoa, naipaka nta, mbele na nyuma.

Tairi likivuliwa, nasimama hapo hapo nione ndani. Habu inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka inakuwa safi. Pale rimu inapokutana na habu, na pale nati zinapokaa, sipaki rangi wala nta, kwa sababu rangi nene husagika na nati hulegea. Tukifunga, tunakaza nati kwa kupishana, kisha baada ya kilometa 50 hadi 100 nasimama nizikaze tena. Rimu yenye ufa haichomelewi kwenye gari langu. Inatupwa.

Ninaposhuka mlima Sekenke kuelekea Shelui na mzigo kamili, najua kilichoshika barabara chini yangu. Mbele yangu kuna basi lenye watu, pembeni kuna mama anayetembea na mtoto mgongoni. Rimu iliyoliwa kwa siri haichagui mahali pa kupasuka.

Ndugu zangu mnaobeba chumvi, na ninyi mnaobeba mbolea, ambayo nayo ni chumvi kwa alumini: mnapopatana bei ya mzigo, wekeni humo gharama ya maji na sabuni, na muda wa kijana kulala chini ya gari aoshe upande usioonekana. Mwenye mzigo akilalamika, mwonyesheni bei ya rimu moja. Mimi nimefanya hivyo, na wengi wamenielewa.