Siku Nane za Barabara za Vijijini

Likizo ijayo, Mungu akipenda, nitamtembelea baba mdogo, padre anayehudumu vijijini Ufaransa, karibu na Lyon. Ana siku nane za mapumziko na kigari kidogo. Kupanga njia ameniachia mimi. Usukani hanipi, kwa kuwa kule wanaendesha upande wa kulia.

Barabara kuu za kulipia nimeziacha. Mwendo ni kilomita 130 kwa saa, kijiji hukioni. Tutapita za vijijini, 80 au 90, tukianzia Ars, alikofika Mtakatifu Yohane Maria Vianney mwaka 1818. (Kilatini kilimtesa sana. Mafrateri wenzangu mnaelewa.) Kisha Cluny, Taizé na Paray-le-Monial, kwenye monasteri ya Mtakatifu Margareta Maria Alacoque.

Hapo ndipo ramani inaponigomea. Mimi nataka twende magharibi, kwenye mji mdogo uitwao Descartes, alikozaliwa mwanafalsafa huyo mwaka 1596. Nimesoma vitabu vyake mwaka mzima. Lakini mama, somo wa Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, ameniomba jambo moja tu: nikamwashie mshumaa Lisieux, na Lisieux iko Normandie, mbali kaskazini. Yote mawili kwa siku nane, pamoja na kurudi, yatamchosha baba mdogo, naye si kijana tena.

Juzi nimefuta Descartes. Kwa penseli, nakiri. Mama hajui kama kulikuwa na mji wa pili. Jana alinipigia kuuliza mshumaa wa kule ni bei gani.