Toka Nyawera Mpaka Inchi ya Chumvi

Safari yetu tuianzie sokoni Nyawera. Mama anakupimia chumvi kwa kopo. Mvua inataka kunyesha, na huko chini ziwa Kivu linametameta. Sasa fumba macho, twende mbali kaskazini-mashariki, pale Bahari Nyekundu inapokutana na Ghuba ya Aden. Tumefika Djibouti.

Inchi hii ni ndogo: kilomita za mraba 23,200 hivi. Kivu ya Kusini peke yake inaipita zaidi ya mara mbili. Ukitafuta mto kama Ruzizi, utachoka bure. Mabonde yapo, lakini maji yanapita tu siku ya mvua, kisha yanapotelea mchangani. Watu wanategemea visima, na maji ya visima vingi yana ladha ya chumvi. Wewe unayelalamika juu ya bidon moja ya maji, ungesema nini kule?

Tushuke ziwa Assal. Ndiyo, tushuke, maana liko metre 155 hivi chini ya usawa wa bahari. Katika Afrika yote hakuna bonde la chini kuliko hilo. Maji ya bahari yanapenya kwenye nyufa za mawe mpaka ziwani, jua kali linayakausha, chumvi inabaki nyeupe kama unga. Kwa miaka mingi Waafar waliikata, wakaipakia juu ya ngamia, wakaipeleka Ethiopia. Wewe wa jamaa ya wachimbaji, kazi ya namna hiyo unaijua mgongoni mwako.

Lakini nyufa hizo zatoka wapi? Pale dunia inapasuka. Mwezi wa Novemba 1978 udongo ulifunguka karibu na ziwa hilo, na volkano Ardoukoba ikatapika moto. Ufa ule mkubwa unashuka Ethiopia mpaka Kenya. Tawi lake lingine ni hili letu, lenye maziwa Kivu na Tanganyika. Ndiyo sababu Bukavu ilitetemeka tarehe 3 Februari 2008, nyumba zikaanguka, watu wakafa.

Basi, baba, ukijenga kwenye mteremko, usifanye haraka: msingi imara kwanza, ukuta baadaye. Nanyi vijana, leo jioni chukueni ramani, mfuate ufa huo kwa kidole toka Djibouti. Mtaona kwamba ile inchi ya mbali iko jirani yetu chini ya udongo.